Hivi ni hoja ipi hasa iliyowapa wanawake kura: haki, au "mama atasafisha nchi"?

#1 Njiwa Manga
Wanajukwaa, salaam. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuja na kazi ya historia: eleza hoja walizotumia wanawake kudai haki ya kupiga kura. Tukakaa nayo jioni tatu. Yeye kazi ameshakusanya, mimi ndiye nimebaki nayo kichwani.

Nilivyoona mimi, hoja zao zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya haki. Mwanamke ni mtu mzima mwenye akili, sheria inamfunga, hakimu anamhukumu, kodi inamhusu, basi naye awe na kauli juu ya wanaotunga sheria hiyo. Ndiyo waliyoanza nayo Wamarekani pale Seneca Falls Julai 1848, walipolichukua tamko la uhuru la nchi yao wakaliandika upya: wanaume na wanawake wote wameumbwa sawa. Walitia saini watu 100, wanawake 68 na wanaume 32.

Ya pili ni ya manufaa. Mwanamke ni mama, mlezi, halewi, haibi, mpeni kura atasafisha nchi kama anavyofagia uwanja wake. Jane Addams wa Chicago aliieleza vizuri sana: mji ni nyumba kubwa. Maji, maziwa ya watoto, takataka, magonjwa, yote hayo mwanamke aliyasimamia nyumbani tangu zamani. Sasa yamehamia manispaa, na huko manispaa yeye hana kura.

Dai langu: hoja ya kwanza ndiyo ya kweli, ila iliyoshinda ni ya pili. Na kwa kuwa ilishinda hiyo, mpaka leo mwanamke akigombea anaulizwa kama ni mama mwema, mwanaume anaulizwa sera. Nipingeni.

#2 Chapati Moto
Mama, uzi mzuri. Binti kapata ngapi?

#3 Njiwa Manga
17 kwa 20. Mwalimu wake kaandika "umerefusha mno". Turudi kwenye mada.

#4 Mwalimu wa Zamu
Dada Njiwa, umezitenganisha hoja ambazo wenyewe hawakuzitenganisha. Tazama New Zealand, nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote kura za bunge, tarehe 19 Septemba 1893. Kiongozi wao, Kate Sheppard, alitoa kijikaratasi mwaka 1888 chenye sababu kumi kwa nini wanawake wapige kura. Sababu ya mwanzo kabisa ni ya haki tupu: nchi ya kidemokrasia imeshakubali kwamba kila mtu mzima asiye mhalifu wala mwendawazimu ana haki ya kuwa na sauti. Inayofuata inasema bado haijathibitishwa kwamba akili ya mwanamke ni sawa na ya mtoto. Shuka chini kidogo utaikuta ile yako ya usafi: kwamba wanawake hawarubuniwi kirahisi na vishawishi vibaya vya wakati wa uchaguzi.

Karatasi moja, mwandishi mmoja, hoja zote mbili. Mwanamke aliyekuwa anapika hoja alitia kila kiungo alichonacho, kwa sababu mlaji mmoja anapenda chumvi na mwingine pilipili.

Na usisahau kwamba Sheppard alitoka kwenye chama cha wanawake wa Kikristo cha kupinga ulevi. Pombe ndiyo iliyowakusanya. Mume ananywa mshahara Jumamosi, Jumatatu nyumbani hakuna unga, na mke hana hata kura ya kumchagua atakayefunga kilabu. Kwa mama yule, haki na manufaa vilikuwa kitu kimoja.

#5 Kibuyu
Mwalimu yuko sahihi. Ila mama Njiwa, usianzie Marekani. Mwaka 1791 Olympe de Gouges aliandika Paris tamko la haki za mwanamke, na humo akaweka hoja ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda: ikiwa mwanamke ana haki ya kupandishwa jukwaa la kunyongwa, basi ana haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 wakampandisha lile la kwanza, wakamkata kichwa. La pili wanawake wa Ufaransa walisubiri. Kura walipewa kwa amri ya Aprili 1944, wakaipiga mara ya kwanza 1945.

#6 Mama Kizimba
Mimi siyo msomi wa historia, nauza nafaka sokoni mwaka wa 14 huu. Lakini hoja ya kodi ninaijua mpaka kwenye mifupa.

Soko letu lina kamati. Wanaochagua kamati ni wamiliki wa vizimba walioandikwa kwenye daftari. Vizimba vilipogawiwa, mwenye jina alikuwa mume. Mimi ndiye ninayefungua saa 11 alfajiri, mimi ndiye ninayetoa ushuru kila siku na stakabadhi ninazo kwenye kopo la maziwa. Mkutano wa uchaguzi ukifika anaitwa baba watoto, ambaye hajui hata bei ya maharage ya njano. Tuko wanawake wengi wa namna hii. Mwaka jana tulisimama kwenye mkutano, tukaambiwa "akina mama tulieni, mna wawakilishi wenu".

Kwa hiyo nataka kujua: hao wazungu walikataa kulipa, au walilalamika tu?

#7 Njiwa Manga
Pole mama. Walikataa. Lucy Stone wa Marekani alirudisha hati yake ya kodi bila kulipa, akisema hatalipa mpaka apate kura. Januari 1858 vyombo vyake vya ndani vikanadiwa.

Uingereza walianzisha umoja kabisa wa kugomea kodi, mwaka 1909, kauli yao ikiwa fupi: hakuna kura, hakuna kodi. Mmoja wao alikuwa Princess Sophia Duleep Singh, binti wa Maharaja wa mwisho wa Punjab, aliyekulia Uingereza na Malkia Victoria akiwa mama yake wa ubatizo. Alikataa kulipia leseni. Wakamnyang'anya pete yenye almasi, ikapelekwa mnadani. Wenzake wakaenda mnadani wakainunua, wakamrudishia. Kila mnada ukageuka mkutano wa hadhara.

#8 Wakili Mbichi
Hapo kwenye kodi tuwe waangalifu, ni hoja yenye makali pande zote mbili. Ukisema "anayelipa apige kura" umesema pia kwamba asiyelipa asipige. Na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mke alikuwa hana mali. Akishaolewa, mali zake na mishahara yake vilikuwa vya mume. Mpaka sheria za 1870 na hasa 1882 ndipo mke akawa na chake. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliodai kura kwa hoja ya kodi walikuwa wanawadaia wajane na wasioolewa tu. Mke wa mtu aliachwa nje, na baadhi ya wapigania kura wenyewe walikubali hivyo ili wapate angalau nusu mkate.

Kisa ninachokipenda ni cha Lily Maxwell. Mjane wa Manchester, ana duka la vyombo, analipa kodi ya jengo. Mwaka 1867 jina lake likaingia kwenye daftari la wapiga kura kwa makosa. Novemba 26 akaenda na wenzake kituoni. Kura zilikuwa za mdomo, unasema kwa sauti unamtaka nani. Akamtaja Jacob Bright, msimamizi akaandika, kwa sababu jina lipo. Mwaka uliofuata wanawake zaidi ya elfu tano wa Manchester wakaomba waandikwe. Kesi ikafika mahakamani, 1868, wakashindwa.

Na walishindwa kwa neno moja. Kulikuwa na sheria ya 1850 iliyosema neno la kiume kwenye sheria lihesabike kuwa limejumuisha wanawake. Mawakili wa akina mama wakasema, basi "mwanamume" kwenye sheria ya uchaguzi ni pamoja na sisi. Majaji wakasema hapana, kwenye kura halijumuishi. Yaani kwenye kulipa kodi na kufungwa jela "mwanamume" ni pamoja na mwanamke, kwenye kuchagua siyo.

#9 Kibuyu
Wakili umenikumbusha John Stuart Mill. Tarehe 20 Mei 1867 alisimama Bungeni kuomba neno "mwanamume" kwenye muswada libadilishwe liwe "mtu". Basi. Neno moja. Akapata kura 73, waliokataa 196.

Mimi jambo hili hunigusa kwa sababu ya lugha yetu. Sisi tunasema mtu. "Amekuja", hujui ni mke au mume mpaka uone. Sheria ikiandikwa kwa Kiswahili "kila mtu mwenye umri wa miaka 21", hakimu angetafuta wapi mlango wa kumtoa mwanamke?

#10 Shanga Tatu
Kibuyu, mlango wangeupata. Mie ni wa Unguja, na kwetu hapa waliandika kabisa. Uchaguzi wa kwanza wa 1957 mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, miaka 25 na kuendelea, na juu yake masharti ya mali au kipato au kusoma.

Sasa sikilizeni nyote mliosema wanawake hawakuwa na mali. Hayo ya Uingereza. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani alirithi, alinunua, aliuza, aliweka wakfu kwa jina lake, mume hana pa kuingiza mkono. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la mikarafuu na nyumba mjini, hati kwa jina lake. Babu alikuwa akikaa kwenye nyumba ya mkewe. Siku ya uchaguzi babu akaenda, bibi akabaki. Kwa hiyo ile hoja ya "mwenye mali awe na sauti" kwetu ilikuwa na nguvu kuliko hata huko ilikozaliwa, na bado haikutosha mpaka walipolegeza. Bibi akapiga kura Januari 1961. Alitwambia alivaa buibui jipya, na foleni ya wanawake ilikuwa ndefu hata waliozoea kukaa uwani walitoka.

#11 Chapati Moto
Bi Shanga, babu kukaa nyumba ya mkewe naye hajasema neno? Huyo alikuwa mtu wa subira.

#12 Shanga Tatu
Alikuwa mtu mwema sana, Mungu amrehemu. Na alikuwa wa kwanza kumhimiza bibi akajiandikishe.

#13 Mzee Kobe
Nyote mnazunguka. Iliyowapa kura ni vita. Mwaka 1914 wanaume wakaenda, wanawake wakaingia viwandani kutengeneza risasi, wakaendesha tramu, wakauguza. Vita vilipokwisha Uingereza ikawapa kura 1918, Ujerumani 1918, Marekani 1920. Hoja za karatasi zilikuwepo miaka 70 bila kitu. Hata Rais Wilson alisimama mbele ya Seneti Septemba 1918 akasema tumewafanya wanawake washirika katika vita hivi, je, tuwe nao kwenye mateso tu na tusiwe nao kwenye haki?

#14 Mwalimu wa Zamu
Shikamoo mzee Kobe. Naheshimu, lakini tarehe zinakugomea. New Zealand 1893, Australia 1902, Finland 1906, Norway 1913: vita gani? Na Ufaransa wanawake walifanya kazi vitani kuliko wengi. Bunge la chini likapitisha kura zao 1919, Seneti ikazikataa 1922. Wengi wa waliokataa walikuwa watu wa mrengo wa jamhuri, wakihofia kwamba wanawake watapiga kura anavyotaka padri.

Hata Uingereza kwenyewe, angalia nani alipewa 1918. Mwanamke wa miaka 30 na kuendelea, tena mwenye nyumba au mke wa mwenye nyumba, au mhitimu wa chuo kikuu. Wale wasichana wa viwanda vya risasi, walioitwa kwa rangi ya ngozi yao kwa sababu baruti iliwageuza manjano, wengi wao walikuwa na miaka 19, 22, 25. Hawakupata. Walisubiri hadi 1928. Kama kura ilikuwa shukrani ya vita, mbona waliofanya kazi ndio waliorukwa? Miaka 30 iliwekwa kwa hesabu: wanaume wengi wamekufa, hawakutaka wapiga kura wanawake wawe wengi kuliko wanaume.

#15 Mzee Kobe
Marahaba mwanangu. Hoja ya umri nimeipokea, sikuijua. Lakini bila vita mlango usingefunguliwa mwaka ule. Askari waliokuwa ng'ambo walipoteza sifa ya ukaazi, sheria ya uchaguzi ikabidi iandikwe upya, na wanawake wakapitia hapo hapo. Sijasema shukrani. Nimesema vita.

#16 Wakili Mbichi
Mzee kwenye hilo la daftari uko sawa kabisa.

Niongeze kitu kuhusu vita. Wapinzani wa kura walikuwa na hoja waliyoipenda: serikali mwisho wake ni nguvu, sheria inasimama kwa sababu kuna bunduki nyuma yake, na asiyeshika bunduki asichague. Wanawake wakajibu kwa njia mbili. Kwanza, maaskofu, wazee na vilema hawaendi vitani na wanapiga kura. Pili, kila askari amezaliwa na mwanamke aliyehatarisha roho yake kumzaa. Ubelgiji baadaye walifanya jambo la ajabu: mwaka 1919 waliwapa kura za bunge wajane na akina mama wa askari waliouawa, na wanawake waliofungwa na Wajerumani. Wanawake wengine wote wakasubiri 1948. Yaani kura ilitoka kwenye kaburi la mumeo, siyo kwako.

#17 Mwana wa Katanga
Jambo kwenu wote, niko Lubumbashi. Mmeitaja Ubelgiji, basi semeni na lingine. Wabelgiji walikuwa wameshawapa wake zao kura 1948. Mei 1960 wakaandaa uchaguzi wa kwanza wa bunge letu, kabla ya uhuru wa Juni 30, na kura ikawa ya wanaume peke yao. Mama zetu hawakupiga. Walisubiri katiba ya 1967. Marehemu mama yangu mkubwa alikuwa akisema, siku ile walipika, wanaume wakarudi na wino, wakala.

Hoja zote hizi mnazozisema zilikuwa zimeshashinda huko Ulaya. Kwa nini hazikuvuka bahari?

#18 Kipepeo wa Nakuru
Swali la Mwana wa Katanga ndilo linaniuma pia, kwa sababu Kenya zilivuka, lakini zilivuka na ngozi yake. Mwaka 1917 wanawake wa masetla walianzisha East African Women's League, na shabaha yao kubwa ilikuwa kura. Mwaka 1919 wakapata, wanaume na wanawake wa Kizungu wakachagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwanamke wa Kizungu wa Nakuru alikuwa anapiga kura kabla ya msichana wa miaka 25 wa London! Mwafrika, mume kwa mke, hakuchagua mtu hadi Machi 1957, na hata hapo ilikuwa kwa masharti ya elimu, mali na kipato ambayo wanawake wachache mno waliyafikia.

Nyanya yangu alikuwa akilipa kodi ya nyumba baada ya kufiwa na mume. Kodi ya nyumba haikuuliza kama mwenye nyumba ni mjane. Kwa hiyo Mama Kizimba, hoja yako nyanya angeielewa bila kutafsiriwa.

#19 Kibuyu
Ndiyo maana nasema tusiwapambe sana. Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanaume weusi walipopewa kura 1870, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony walikasirika mpaka wakasema maneno ya kudharau: kwamba mwanamke mweupe aliyesoma anawekwa chini ya mtumwa wa jana. Chama kikagawanyika kabla hata kura hiyo haijapita, 1869. Lucy Stone akabaki upande mwingine. Mwaka 1903 kwenye mkutano wao wa New Orleans, Belle Kearney akasema wazi kwamba kuwapa wanawake kura kutaimarisha utawala wa weupe kusini. Hiyo nayo ilikuwa hoja ya kudai kura. Iandikwe kwenye kazi ya mtoto.

Na Machi 3, 1913, kwenye maandamano makubwa ya Washington, Ida B. Wells aliambiwa aende nyuma na wanawake weusi. Alikataa. Akangoja pembeni, kundi la jimbo lake la Illinois lilipopita, akaingia katikati yake akatembea.

#20 Njiwa Manga
Kibuyu, hilo nililiruka na mtoto, nakiri. Nilitaka aone mashujaa. Nitarudi nalo.

Lakini Frances Harper naye aweke mizani. Mwanamke mweusi, mshairi, alisimama mbele ya wale wale wanawake weupe New York 1866 akawaambia sote tumefungwa katika mtumba mmoja wa ubinadamu. Nyinyi mnazungumzia haki, mimi nazungumzia dhuluma. Akawaeleza mume wake alipokufa, wadai walichukua hadi beseni za kufulia alizokuwa akifanyia kazi. Kama angekufa yeye, akasema, hakuna ambaye angemgusa mume. Hapo hoja ya haki ina beseni ndani yake. Ndiyo ninayoipenda mimi.

#21 Mama Kizimba
Beseni! Hapo nimekaa chini.

#22 Bandari Salama
Kwetu Tanganyika mambo yalikuwa magumu zaidi ya mnavyofikiri. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, aliingia kazini 1955 kujenga sehemu ya wanawake ya TANU. Walioingia kwa wingi ni wapika maandazi, wauza pombe za kienyeji, waimbaji wa lelemama. Walikusanya fedha, walificha watu, walijaza mikutano. Halafu ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu: unamchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Masharti: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Niambieni mpika maandazi wa Gerezani angepata wapi pauni 150. TANU walibishana sana Tabora Januari 1958 kama waingie au wasusie, wakaingia. Wanawake walioijenga TANU walisimama nje ya vituo wakiwashangilia wenye vyeti.

Hoja yao haikuwa "sisi ni mama" wala "sisi tunalipa kodi". Ilikuwa uhuru. Walidai kura ya nchi nzima, na yao ikiwemo humo. Kwa hiyo dada Njiwa, hoja zako mbili kwetu hazitoshi, kuna ya tatu.

#23 Mwalimu wa Zamu
Nakubaliana na Bandari Salama. Tena ukiangalia India, Misri, kwetu, utaona hoja ya utaifa ndiyo iliyobeba. Ila ina hatari yake: uhuru ukipatikana unaweza kuambiwa subiri. Misri walisubiri. Doria Shafik aliingiza wanawake ndani ya Bunge la Cairo kwa nguvu Februari 1951, akagoma kula Machi 1954, kura ikaja 1956.

#24 Chapati Moto
Kugoma kula huku kulianzia wapi? Nilidhani ni Gandhi.

#25 Wakili Mbichi
Kwa wapigania kura wa Uingereza kulianza Julai 1909, Marion Wallace Dunlop, mchoraji, alipofungwa Holloway. Alitaka atambuliwe kuwa mfungwa wa siasa. Wakamwachia baada ya saa 91. Wengine baadaye walilishwa kwa mpira puani. Hawa ndio wale wa Emmeline Pankhurst, wa "vitendo, siyo maneno". Usiwachanganye na wa Millicent Fawcett, waliokuwa wengi zaidi na waliofuata sheria. Jina safrajeti lilibuniwa na gazeti la Daily Mail 1906 kuwadharau hao wa Pankhurst, wao wakalichukua wakalivaa.

#26 Mzee Kobe
Na wapo watakaowaambia kwamba madirisha waliyovunja hao safrajeti ndiyo yaliyoshinda. Hiyo ni hoja ya nne.

#27 Kipepeo wa Nakuru
Ya tano ni mama! Agosti 18, 1920, Marekani ilihitaji jimbo moja tu litimize majimbo 36 ya kuridhia kura ya wanawake iingie kwenye katiba. Tennessee. Mbunge kijana, Harry Burn, miaka 24, ameshavaa waridi jekundu la wapinzani. Mfukoni ana barua ya mama yake, Febb Burn, inamwambia apige kura ya kuwapa wanawake, asiwaweke mashakani. Akasema ndiyo. Jambo likapita. Mama asiye na kura alimpigia mwanawe kura.

#28 Mwalimu wa Zamu
Na New Zealand ilipita baraza la juu kwa 20 kwa 18. Waziri Mkuu Seddon alikuwa anapinga kwa chini kwa chini, akambana mjumbe mmoja abadilishe kura. Wapinzani wake wawili wakachukizwa na hila hiyo, wakageuza zao. Saini karibu 32,000 zilikusanywa, za mwaka ule zikagundishwa zikawa bango refu kupita mita 270, likaviringishwa Bungeni, na mwisho hasira za watu wawili zikaamua.

Halafu dada Njiwa, hii itakufaa: walipewa kupiga, hawakupewa kugombea. Kugombea ilikuja 1919, na mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni, Elizabeth McCombs, ni 1933. Miaka 40. Wanaume waliokubali kwamba mama anaweza kuchagua mtu safi hawakukubali kwamba mama anaweza kuwa huyo mtu.

#29 Njiwa Manga
Asante mwalimu, hapo umenibeba. Ndicho nilichotaka kusema tangu #1. Ukiingia kwa kuwa wewe ni mfagiaji, watakupa ufagio.

#30 Shanga Tatu
Lakini dada, bila ufagio angeingia? Bibi yangu hakuwa na haja ya kuthibitisha ni mtu. Hati ya shamba ilithibitisha. Na bado.

#31 Mama Kizimba
Wapendwa, nimerudi. Jana tumekaa wanawake 23 wa soko tukaandika barua kwa kamati, tukitaka anayeshika kizimba na kulipa ushuru aandikwe kwenye daftari. Nimewasomea habari ya yule mjane wa duka la vyombo na ya beseni, mama mmoja akalia. Tumeweka hoja ya ushuru mwanzo, na nakala za stakabadhi za miezi mitatu tumebana nyuma. Aya ya pili tumesema tunataka kuchagua na kuchaguliwa, hiyo nimeitoa kwa mwalimu. Aya ya mwisho wenzangu wakaongeza kwamba akina mama ndio wanaojua usafi wa soko na vyoo vitatengenezwa.

#32 Njiwa Manga
Hongereni sana! Hiyo ya vyoo mngeitoa, mama.

#33 Mama Kizimba
Nilisema itolewe. Wakanikatalia, wamesema vyoo ndivyo vinavyowauma kila siku. Barua imeshapokelewa, imegongwa muhuri. Kikao ni Jumanne.